Sauti Nzito Isiyochoma

Mwamgongo,
5 Februari 2024

Shemeji Telesphory,

Shikamoo. Barua hii analeta Happiness, muuza dagaa wa huku kwetu, pamoja na gitaa langu. Nimelifunga kwa blanketi na kamba ya nyavu. Likinuka dagaa usimlaumu. Boti ile haina chumba cha magitaa.

Naanza na habari za dada yako, kwa sababu ndizo zilizonifanya niandike. Ulipotusindikiza Kibirizi mwezi uliopita ulidhani tunarudi nyumbani kupumzika. Sivyo. Daktari aliniita kando akaniambia kwamba uvimbe ulio kichwani mwa Melania hawawezi tena kuutibu, na kwamba dawa iliyobaki ni ya kupunguza maumivu. Melania mwenyewe alikwisha kulijua hilo kabla yangu. Sikukueleza pale ufukweni kwa sababu alinibana mkono.

Sasa sauti nyembamba zinamchoma. Kijiko kikigonga sahani, anafumba macho. Jumapili iliyopita wanakwaya walikuja kumwimbia. Sauti ya kwanza ilipopanda tu, akaziba masikio kwa kanga, na mwalimu wa kwaya akawatoa nje kimya kimya. Alilia kwa aibu. Halafu akaniambia, "Adolf, nipigie wewe. Nipigie ile nzito."

Unajua anachosema. Tulipokuwa vijana, kwenye ukumbi wa Ujiji, nilikuwa nikifungua amplifaya mpaka inanguruma, na noti moja inasimama hewani kama imening'inizwa. Melania alikuwa akisimama karibu na spika, mahali wenzake walipopakimbia. Lakini siwezi kufungua amplifaya namna hiyo katika chumba cha mgonjwa. Nikipiga kwa sauti ya chini, gitaa langu linalia kama mbu. Nikiongeza, linachoma.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba vinasa vyenye nguvu, zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi, huweza kuifanya amplifaya ingurume hata ikiwa imefunguliwa kidogo. Nichagulie vinasa hivyo, lakini viwe laini. Ningekupigia simu, ila mtandao unapatikana mlimani tu, na siku hizi sitoki nyumbani kwa muda mrefu.

Naomba usikawie.

Shemeji yako,
Adolf

*

Bangwe,
10 Februari 2024

Kwa Adolf,

Marahaba. Gitaa limefika salama. Umelifunga vibaya, kamba ya nyavu imekwaruza rangi. Umefanya vyema kuandika, kwa maana mambo ya ufundi hayaelezwi kwa simu inayokatika.

Nimelifungua. Vinasa vyako vya zamani vina koili moja moja, yaani waya uliozungushiwa sumaku, na waya wake ni mchache. Ndiyo maana vinalia kwa wembamba, na ndiyo maana vinavuma kila taa ya jirani inapowashwa. Unachohitaji ni kinasa cha koili mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Mvumo wa moja hufuta mvumo wa nyingine, na nguvu huongezeka.

Lakini nguvu si jambo moja. Vijana wanaokuja hapa huomba "kinasa kikali" kama watu wanaoomba pilipili. Viko vinasa vya sumaku ya kauri. Vina nguvu nyingi sana, na sauti yake ina makali kama kisu kipya. Hivyo havifai. Viko vingine vinavyotumia betri ndani ya gitaa. Ni safi, lakini sauti yake haina pumzi. Viko vya sumaku ya kale, ile iliyoyeyushwa kwa alumini, nikeli na kobalti. Sumaku hiyo huuvuta uzi kwa upole. Ukiizungushia waya mwingi kuliko kawaida, sauti nyembamba hupungua zenyewe, sauti ya kati hunenepa, na amplifaya huanza kunguruma mapema. Hicho ndicho nitakachochagua. Ninazo sumaku hizo, nilizitoa katika gitaa la bendi moja iliyovunjika. Waya nitauzungusha mwenyewe.

Sasa kuhusu Melania. Daktari mmoja si hospitali nzima. Mlete Bangwe. Hapa hospitali iko karibu, na mke wangu Scola anajua kuuguza. Zaidi ya hayo, unaijua desturi. Mwanamke akiugua muda mrefu katika nyumba ya mumewe, ndugu zake humchukua wakamuuguza kwao. Mlipomzika Elia huko juu mlimani sikuuliza kwa nini hamkumleta mtoto hospitali mapema. Safari hii nauliza.

Telesphory

*

Mwamgongo,
16 Februari 2024

Shemeji,

Shikamoo. Asante kwa maelezo. Nimemsomea Melania yale ya pilipili akacheka. Ni kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Amesema nikuambie kwamba umezeeka lakini hujabadilika: hata siku ya harusi yake ulikagua nyaya za spika kabla ya kula.

Neno lako la Elia nimelipokea. Sitalijibu.

Kuhusu kumleta, nimemwuliza mara mbili kwa sababu wewe ni kaka yake. Amekataa. Anasema barazani kwetu, akigeuza shingo kidogo, anaona kaburi la mwanawe. Anasema mgonjwa anayepelekwa kwao harudi; akifia Bangwe atazikwa Bangwe, na mtoto atabaki peke yake huku. Siwezi kumbeba mtu mzima na kumtia botini kwa nguvu, shemeji. Mawimbi yenyewe yatamuua kabla hatujaipita Gombe.

Hali yake ni hii: asubuhi ana akili zake zote na tunazungumza. Mchana analala. Sikio la kushoto limeanza kuziba. Kwa hiyo nakuomba, usitafute kinasa kilicho bora kuliko vyote. Tafuta kinachofaa, ukifunge, umpe Happiness. Yeye huja huko kwenu, mwaloni Katonga, na dagaa kila wiki na amekubali kupita kwako.

Adolf

*

Bangwe,
23 Februari 2024

Kwa Adolf,

Marahaba. Happiness amepita hapa, nami nimemrudisha mikono mitupu. Usimkasirikie.

Kazi ya waya haiharakishwi. Waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Ukivuta kwa pupa hukatika, na ukilegeza hutikisika, kisha gitaa hupiga mluzi. Koili zikiisha kuzungushwa lazima zizamishwe katika nta iliyoyeyuka ili nyaya zishikamane. Natumia nta ya nyuki kutoka Kasulu. Nta inataka subira. Baada ya hapo kuna kimo: kinasa kikisogea mno kwenye nyuzi, sumaku huzishika na noti hufa mapema, kikishuka mno, nguvu hupotea. Ni kazi ya sikio.

Umeniandikia kwamba Melania amekataa. Mgonjwa hukataa hata uji. Kazi ya walio wazima ni kumshawishi. Baba yetu alipofariki niliachiwa Melania akiwa na miaka saba. Nilimfulia nguo, nilimfundisha kusoma, nilimpeleka kanisani nikamkabidhi kwako. Sikumkabidhi ili nije niambiwe habari zake kwa barua.

Boti inayoweza kuleta gitaa huko ndiyo inayoweza kuleta mtu huku. Mwambie hivi: siku atakayofika Bangwe, gitaa litakuwa tayari, nawe utampigia hapa barazani mpaka achoke. Pengine hamu ya kulisikia itamtoa kitandani.

Telesphory

*

Mwamgongo,
2 Machi 2024

Kaka yangu Telesphory,

Mwakeye? Nakusalimu kwa Kiha makusudi, maana najua kwako hairuhusiwi kuchanganya lugha hata ndotoni. Shikamoo.

Naandika mwenyewe. Mistari ikipanda mlima usichukue kalamu nyekundu. Mkono unaniasi.

Adolf amenisomea barua zako zote. Alitaka kuruka ile ya mwisho nikamwambia asome. Kaka, hivi wewe unavua samaki au unamwita dada yako? Unatundika gitaa kwenye ndoana halafu unangoja nije kulimeza! Nimecheka, ila kichwa kikauma, nikanyamaza.

Sikiliza. Nimefikiri. Nitakuja. Nitakuja wiki ya Pasaka, ziwa likitulia, na Adolf atanisindikiza. Mwambie wifi Scola anitandikie karibu na dirisha, na asinipikie samaki wa kukaanga, hata migebuka, harufu yake sasa inanishinda. Uji wa ulezi utanitosha.

Lakini tuma gitaa kwanza. Nakuomba, kaka. Tuma na Happiness wiki hii. Nilisikie hapa, katika nyumba yangu, Adolf akiwa amekaa kwenye kiti chake kile kibovu, kisha tutakuja nalo Bangwe ukalirekebishe upendavyo. Sikio moja halifanyi kazi tena. Hili jingine bado linanisaidia, lakini nalo limeanza ujeuri. Usiku huu nimeota sauti yenyewe, ile iliyokuwa ikinipita tumboni kabla ya kufika masikioni. Nilipoamka nikasikia bati tu.

Usimgombeze Adolf. Ananigeuza, ananiosha, ananilisha. Hajalalamika hata siku moja, naye unajua jinsi alivyo mwepesi wa kulalamika akikosa chumvi.

Dada yako,
Melania

*

Bangwe,
18 Machi 2024

Mdogo wangu Melania,

Marahaba, marahaba. Mistari yako imepanda mlima, lakini maneno yamenyooka. Sikuchukua kalamu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi ya nyumba. Chumba cha mbele nimekipaka chokaa. Kitanda nimekisogeza dirishani. Ukilala utaona maji mpaka upande wa Kongo, siku isiyo na ukungu. Mlango ulikuwa na bawaba inayolia. Nimeitia mafuta. Bati lililokuwa likigonga kwa upepo, nalo nimelipigilia ubao. Scola ameficha vijiko vya chuma akanunua vya mbao, wageni wanatushangaa. Ulezi umesagwa.

Gitaa limetundikwa ukutani, juu ya kitanda chako. Sasa nikueleze lilivyo, kwa maana wewe ndiwe uliyelitaka. Kinasa cha karibu na shingo ndicho nilichokitilia waya mwingi zaidi, kwa kuwa hapo uzi hutikisika kwa upana na sauti yake ni ya mviringo. Nimekishusha kidogo upande wa nyuzi nyembamba ili zisiruke juu ya nzito. Nikifungua amplifaya kidogo tu, chini ya sauti ya mazungumzo, inanguruma bila kukwaruza. Noti inaanza kama mtu anayevuta pumzi, inanenepa, inakaa. Hakuna mahali inapochoma. Nyuzi nimekwisha kuzibadilisha mara mbili, nazo zimezoea. Kila jioni nafunga duka nalipiga kidogo, nikiwa nimekaa kwenye kitanda hicho, ili nijue utakachosikia ukiwa umelala.

Umeniomba nilitume kwanza. Nimelifikiria hilo kwa uzito. Kulisafirisha kwenda na kurudi ni kulihatarisha. Maji yakiingia kwenye koili, kazi yote imekufa. Na kwa kuwa Pasaka imekaribia na unakuja, hakuna haja. Utalisikia hapa. Likupe nguvu ya safari.

Nitawapokea Kibirizi mwenyewe. Nimezungumza na vijana wanne wa kukubeba kwa machela kutoka botini, wasikuloweshe miguu.

Kaka yako,
Telesphory

*

Mwamgongo,
8 Aprili 2024

Shemeji Telesphory,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 18 Machi ilikuja katika boti ileile iliyokuleta wewe mazikoni. Happiness alikuwa ameiweka chini ya kapu. Nilipokupigia simu kukwambia kwamba Melania amefariki, na ninyi mkapanda boti mkilia, aliisahau. Alinipa tulipokuwa tunashuka kutoka makaburini. Wewe ulikuwa umesimama hatua chache mbele yangu, unawapa watu mikono. Niliifungua kwa kuwa ilikuwa na jina lake. Niliisoma nikiwa nimeegemea ukuta wa kanisa. Nikairudisha katika bahasha, nikaja nikasimama kando yako, na mimi nikawapa watu mikono.

Sikutaka kusema neno siku ile. Leo nitasema, kwa utulivu, kama ulivyotufundisha sote kusema.

Baada ya wewe kuondoka, Happiness alikuja kukaa nasi. Nikamwuliza, "Happiness, mama, gitaa la shemeji uliwahi kuliona?" Akasema, "Kuliona sikuliona baba, nililisikia. Siku ile aliyonirudisha mikono mitupu. Nilikwisha kufika barabarani na kapu langu kichwani, nikasikia kitu kinanguruma taratibu dukani kwake, kizuri, nikasimama. Nilisimama mpaka mwenye bodaboda akanitukana. Nikajiambia, kumbe fundi naye anapiga! Sikujua kuwa ndilo la kwenu. Mzee aliniambia la kwenu bado liko kwenye nta."

Kwa hiyo lilikuwa tayari tarehe 23 Februari. Melania alifariki tarehe 20 Machi. Sikio lake la kulia liliziba siku chache tu kabla ya hapo. Zilikuwapo asubuhi nyingi, shemeji, alizokuwa anasikia vizuri, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu sina kitu mkononi.

Jambo moja ulijue. Hakuwa na nia ya kuja Bangwe. Hata kukaa kitandani bila kushikwa alikuwa hawezi tena alipokuandikia. Barua ile aliiandika siku mbili, mstari mmoja, akipumzika, kisha mwingine. Nilimwambia, "Melania, unamdanganya kaka yako." Akasema, "Akiamini nakuja, atalegeza mkono. Namjua." Alikujua tangu akiwa na miaka saba, na hapo tu akakosea. Aliposema anakuja, ndipo ulipokaza.

Kila Happiness alipofika, Melania alikuwa ananitazama usoni kwanza kabla sijasema. Mara ya mwisho hakunitazama.

Sauti niliyoiomba kwa ajili yake, umeisikia wewe peke yako. Kila jioni, umeandika mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye kitanda ambacho hakukilalia.

Adolf

*

Bangwe,
15 Aprili 2024

Adolf,

Marahaba.

Nimeandika barua hii mara kadhaa, nikaichana. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nayo ilinitetea vizuri sana. Scola aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye moto wa jiko bila kuniuliza.

Ni kweli gitaa lilikuwa tayari. Nilidhani siku zipo. Nilidhani kwamba akifika hapa, kwenye chokaa safi na hospitali karibu, yale aliyosema daktari yatakuwa maneno ya daktari tu. Mama alifia safarini, kwa watu, sikuwapo. Baba vilevile. Melania nilitaka afie mikononi mwangu, na kwa ajili hiyo nikamnyima.

Chumba bado kiko kama nilivyokieleza. Scola anataka kurudisha vijiko vya chuma. Nimemwambia angoje, ingawa sijui tunangoja nini.

Gitaa halijapigwa tangu nirudi. Jana nililishusha. Mkono ukagusa uzi kwa bahati mbaya, na amplifaya ilikuwa imewashwa. Sauti ilikuwa ileile, hakuna mahali inapochoma. Nikazima.

Nakuomba jambo, nami sijui kuomba. Arobaini inakaribia. Niruhusu nije nalo. Ulipige pale kaburini, mbele ya watu wote, kwa nguvu yake yote. Amplifaya yako nitaifungia betri kubwa ili isikatike. Si haki kazi ile ikae ukutani. Si haki sauti aliyoitaka isipigwe hata mara moja mahali alipo. Kama hutaki kulipiga wewe, atapiga kijana wa kwaya, nami nitasimama nyuma.

Nijibu, hata kwa neno moja. Tena uniambie kama nafasi yangu ipo katika nyumba yenu, au nikae na wageni nje.

Telesphory

*

Mwamgongo,
22 Aprili 2024

Shemeji Telesphory,

Shikamoo.

Misa ya arobaini ni Jumamosi, tarehe 4 Mei, asubuhi. Njoo na boti ya Ijumaa. Ile ya Jumamosi huchelewa. Mje na shemeji Scola. Mtalala ndani, chumbani kwetu. Mimi nitalala kwa jirani. Kaka wa marehemu hakai nje na wageni.

Msalaba umekwisha kuchongwa. Fundi ameliandika jina lake sawasawa, nimelikagua. Utausimika wewe kwa mkono wako, kama desturi inavyotaka, kati ya kaburi lake na la Elia. Nafasi ni ndogo, lakini inatosha.

Kwaya itaimba. Nimewaambia waimbe kwa sauti zote, hata zile za juu, maana hazimsumbui tena.

Gitaa liache Bangwe.

Adolf